Taa Iliyoshushwa Chini

Fungu la kusoma: Matendo ya Mitume, sura ya 27

Wewe mama uliye jikoni ukichochea moto wa chai, wewe ndugu uliye njiani kwenda kazini, nawe uliyelala hospitalini ukisikiliza redio ya mgonjwa wa kitanda cha pili, karibuni tuketi pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo nataka twende matembezi. Nauli haihitajiki, wala viatu vizuri. Tutatembea kwa miguu ufukoni, mchana mmoja tu, mpaka kwenye mnara wa taa. Ninyi mkaao pwani mwaujua mnara wa taa. Lakini kwa ajili ya watoto wa bara ambao hawajaiona bahari, niseme kwamba ni jengo refu lililosimamishwa ufukoni au juu ya mwamba, lenye taa kubwa kileleni, ili mabaharia waione usiku wakiwa mbali.

Mnara tutakaouendea uko Afrika Kusini, karibu na mji wa Cape Town. Hapo nchi kavu imeingia baharini kama kidole kirefu, na karibu na ncha ya kidole hicho ndipo penye ile rasi tuliyofundishwa shuleni kuiita Rasi ya Tumaini Jema. Vasco da Gama aliizunguka rasi hiyo mwaka wa 1497, na mwezi wa Aprili 1498 akafika Mombasa, kisha Malindi. Basi maji ya huko si mageni kabisa kwetu. Merikebu nyingi zilizofika pwani ya Afrika Mashariki kutoka Ulaya zilipita pale kwanza, na mabaharia wake waliiogopa sehemu ile kuliko sehemu nyingine nyingi za safari.

Matembezi yetu yanaanzia kijiji kiitwacho Noordhoek, chini ya mlima uitwao Chapman's Peak. Kutoka hapo ufuko wa mchanga mweupe unanyooka kwa kama kilomita 8 kuelekea kijiji cha Kommetjie, na mbele kidogo ya Kommetjie umesimama mnara wetu. Unaitwa Slangkop, maana yake Kichwa cha Nyoka. Nimewahi kuitembea njia hiyo pamoja na wenzangu wanne, nami nitawaeleza nilivyoiona.

Jambo la kwanza analoambiwa mgeni ni kutazama maji. Maji yakiwa yamekupwa, mchanga ni mgumu na mtu anatembea kama yuko barabarani. Maji yakijaa, anasukumwa juu kwenye mchanga mwororo, na kila hatua inakuwa kama hatua mbili. Jambo la pili analoambiwa ni kutokwenda peke yake, maana ufuko ni mrefu, watu ni wachache, na mwenye haja ya msaada anaweza kukawia kuupata. Jambo la tatu ni kutodanganywa na jua. Kunaweza kuwa na joto kali mchanga ukakuchoma nyayo, lakini bahari ya upande ule ni baridi sana, kwa sababu mkondo wa maji unatoka kusini kwenye baridi. Sisi tuliozoea maji ya Mombasa tulitia miguu, tukaitoa mara moja.

Mtu akisimama mwanzo wa ufuko ule, siku ya anga safi, anaweza kuuona mnara kule mbali, mdogo kama kijiti cha kibiriti. Anatembea nusu saa, na mnara uko vile vile. Anatembea saa nzima, bado ni mdogo. Kijana mmoja tuliyekuwa naye alisema, "Mzee, mnara huu nao unatembea." Tukacheka. Lakini nilifikiri juu ya Wakristo wengi ambao huchoka kwa sababu hiyo hiyo. Wanasali mwaka mmoja, miaka miwili, na lile waliloliomba liko mbali vile vile. Ndugu yangu, ukubwa wa kitu machoni pako haukuonyeshi umetembea kiasi gani. Tazama nyuma, uone nyayo zako zinaanzia wapi.

Basi, katika safari ile kuna mambo matatu ambayo nataka tuyatafakari pamoja.

La kwanza ni meli iliyogeuka mapema.

Ukiwa katikati ya ufuko unaona mbele yako vyuma vyekundu kwa kutu, vimechomoza mchangani. Kuna tangi kubwa la mvuke, na mbavu za meli zimesimama kama mbavu za ng'ombe aliyekufa kwa ukame. Haya ni mabaki ya meli ya mvuke iliyoitwa Kakapo. Jina hilo ni la ndege wa New Zealand, kasuku asiyeweza kuruka, na kwa kweli meli ile nayo haikufika mbali. Mwezi wa Mei 1900 ilitoka Cape Town ikielekea Australia. Hali ya hewa ilikuwa mbaya na upepo ulikuwa mkali. Nahodha alijua kwamba yampasa ateremke kusini mpaka mwisho wa rasi, kisha ageuke kushoto kuelekea mashariki. Inasemekana kwamba aliona mlima ndani ya ile hali ya giza, akaudhani kuwa ndio mwisho wa rasi. Akaamuru usukani ugeuzwe kushoto. Kumbe mlima ule ulikuwa Chapman's Peak, na rasi yenyewe ilikuwa bado karibu kilomita 30 mbele. Meli ikaja kwa nguvu zake zote, ikapanda mchangani, ikakwama hapo. Haikutoka tena. Mabaki yake yamekaa hapo kwa miaka zaidi ya 120.

Wasikilizaji, angalieni jambo hili. Nahodha yule hakuwa mlevi wala mvivu. Alijua njia. Alijua kwamba kuna mahali pa kugeuka kushoto. Lililomwangusha ni kwamba milima miwili ilifanana, naye alikuwa na hamu ya kuona safari ngumu imekwisha.

Je, hatufanani naye? Kijana amekaa mjini miezi mitano akitafuta kazi. Anakutana na mtu mwenye gari zuri anayemwambia, "Njoo kwangu, usiulize maswali mengi." Kijana anasema moyoni, "Hii ndiyo baraka niliyoiomba." Anageuza usukani. Mama mjane amechoka na upweke. Anatokea mwanamume mwenye maneno matamu, naye anasema, "Mungu amenikumbuka," hata kabla ya kuuliza mtu huyo ametoka wapi na amemwacha nani. Mkulima ana deni, anakuja mnunuzi na pesa mkononi, na shamba la watoto linauzwa kwa siku moja. Mlima ulifanana na rasi. Faida hufanana na baraka. Mlango ulio wazi hufanana na mlango uliofunguliwa na Mungu.

Katika fungu letu la leo twaona jambo hilo hilo. Mtume Paulo alikuwa mfungwa ndani ya meli iliyokuwa ikienda Rumi. Majira ya baridi yalikuwa yamekaribia, naye akawaonya wasiendelee. Wakuu wa meli hawakumsikiliza. Kisha pakavuma upepo mzuri kidogo, wakaona mambo yamekuwa shwari, wakang'oa nanga. Baada ya muda mfupi wakapatwa na tufani. Ule upepo mzuri wa asubuhi moja uliwashawishi kuliko neno la mtumishi wa Mungu. Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka, nao walisema kweli. Usigeuze usukani kwa sababu umechoka. Uliza kwanza, pima, omba, na umtafute mtu mwenye hekima akusaidie kutazama ramani.

La pili ni taa inayohesabiwa.

Tulipoyaacha mabaki ya Kakapo tuliendelea mpaka Kommetjie. Hapo mchanga unaisha na mawe yanaanza, na majini kuna misitu ya mwani mkubwa unaolala na kuinuka na mawimbi. Kisha ndipo tulipofika mnarani. Ni mnara mweupe wa duara, umetengenezwa kwa vipande vya chuma cha kusubu vilivyounganishwa, na urefu wake ni mita 33. Ulianza kazi tarehe 4 Machi 1919.

Kabla ya hapo sehemu ile ilikuwa na giza, na giza hilo lilikula watu. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Agosti 1909, meli moja iitwayo Maori, iliyokuwa ikienda New Zealand, iliondoka Cape Town. Haikwenda mbali. Saa chache baadaye, katika ukungu mzito, ilipanda miamba upande ule ule wa rasi, kaskazini kidogo ya mahali tulipoanzia kutembea. Watu 32 walikufa, na nahodha akiwa mmoja wao. Walikuwa na mama zao, walikuwa na wake zao, na watoto waliongojea barua. Watu wengi walikuwa wamekwisha kuona kwamba pwani ile yahitaji taa, lakini kazi ilichukua muda, kisha Vita Kuu vya 1914 hadi 1918 vikaichelewesha zaidi. Kila tunaposema "tutafanya mwakani," tukumbuke kwamba kuna watu walio baharini usiku huu.

Sasa, mtu anaweza kuuliza: taa moja yasaidia nini katika bahari kubwa namna ile? Taa haiwezi kuiangaza bahari yote. Mzee mmoja wa Likoni aliyefanya kazi melini kwa miaka mingi aliwahi kunieleza. Nilimwuliza, "Shikamoo mzee. Usiku wa giza, ukiona taa kule mbali, wajuaje kwamba ni taa ya mji huu, wala si ya mji mwingine?"

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Taa haiulizwi jina. Taa huhesabiwa. Kila moja ina mwendo wake. Hii humulika mara mbili ikanyamaza, ile humulika mara nne ikanyamaza. Wewe unashika saa, unahesabu, unatazama katika kitabu cha taa, unajua uko wapi."

"Na ukihesabu vibaya?"

"Ukihesabu vibaya usiku," akasema, "asubuhi utawahesabu waliobaki."

Taa ya Slangkop humulika mara nne katika kila sekunde 30. Hivyo ndivyo ilivyo usiku wa leo, kesho, na keshokutwa. Haimuliki mara nne siku ya Jumapili na mara sita siku ya Jumatatu. Haibadiliki kwa sababu meli inayopita ni ya tajiri au ya maskini. Kama ingebadilika, ingekuwa hatari kuliko giza, kwa maana mwenye giza hujua kwamba haoni, lakini aliyedanganywa na taa huenda mwambani kwa imani.

Hapo ndugu zangu ndipo maneno ya Bwana wetu katika Mahubiri ya Mlimani yanapotugusa, alipotufundisha kwamba sisi wafuasi wake ni nuru ya ulimwengu. Jirani yako anakuhesabu. Hajui mafundisho ya kanisa lako, lakini anajua kama ulimrudishia panga lake. Mfanyakazi wa shamba lako anahesabu kama mshahara ulikuja mwisho wa mwezi kama ulivyoahidi. Mtoto wako anahesabu zaidi ya wote. Anajua sauti yako ya kanisani na anajua sauti yako ya nyumbani, naye anataka kujua kama ni taa moja au ni mbili. Tukimulika namna moja mbele ya mchungaji na namna nyingine sokoni, tunawapoteza watu waliotutegemea wajue mahali walipo.

La tatu ni taa iliyowekwa juu mno, na hili ndilo nililotaka hasa kuwaambia leo.

Mbele ya Slangkop, kule mwisho wa rasi kabisa, mahali paitwapo Cape Point, wajenzi wa zamani walijenga mnara wa taa juu ya kilele cha mlima. Ulianza kuwaka mwaka wa 1860. Waliuweka mita 238 juu ya bahari. Nadhani kama mimi na wewe tungeulizwa tungesema hivyo hivyo. Taa iwekwe wapi kama si juu? Kadiri ilivyo juu, ndivyo itakavyoonekana mbali.

Lakini walisahau jambo moja, yaani mawingu. Kilele kile hufunikwa na mawingu na ukungu mara nyingi. Siku ya anga safi taa ilionekana vizuri sana, siku ambayo mabaharia hawakuwa na haja kubwa nayo. Siku ya hali mbaya, wakati ule ule waliokuwa wakiitafuta kwa machozi, ilikuwa imefichwa ndani ya wingu. Ilikuwa ikiwaka. Mlinzi wake alikuwa macho. Mafuta yalikuwapo, vioo vilikuwa vimepanguswa. Lakini chini, baharini, watu hawakuona kitu.

Mwezi wa Aprili 1911 meli ya abiria ya Wareno, iliyoitwa Lusitania, ilikuja usiku katika ukungu. Msiichanganye na ile Lusitania ya Uingereza iliyozamishwa vitani mwaka wa 1915. Hii ni nyingine. Ilipanda mwamba uitwao Bellows Rock, karibu kabisa na ile rasi, chini ya taa ile iliyokuwa ikiwaka mawinguni. Kwa neema ya Mungu watu wengi sana waliokolewa, lakini meli ilipotea.

Baada ya hapo wakaamua. Walijenga mnara mwingine, chini zaidi, karibu na ncha ya rasi, mahali pagumu kufika, penye upepo na majabali. Wakauweka mita 87 tu juu ya bahari, chini ya mawingu. Nao ulianza kuwaka Machi 1919, mwezi ule ule taa ya Slangkop ilipoanza. Mnara wa zamani umebaki juu kule mpaka leo, na watalii hupanda kuutazama, na kupiga picha. Lakini mabaharia hutazama ule wa chini.

Mpendwa msikilizaji, hebu tulifikiri jambo hili polepole. Taa ile ya kwanza haikuwa ya uongo. Haikuwa dhaifu pia. Shida yake ilikuwa moja tu: ilikuwa juu mno kwa watu waliokuwa taabuni.

Je, si hivyo ilivyo katika makanisa yetu mara nyingine? Mahubiri yanatolewa kwa maneno makubwa, na bibi wa safu ya nyuma anarudi nyumbani na njaa aliyokuja nayo. Mzee wa kanisa ni mtu mwema kabisa, haibi, haleweki, lakini hakuna kijana hata mmoja aliyewahi kuthubutu kumwambia, "Mzee, nimeanguka, nisaidie." Baba wa nyumba ni mcha Mungu, lakini watoto wake humwona kama kilele cha mlima, kwa mbali, siku za anga safi tu. Siku binti anapopata shida, siku kijana anaporudishwa kutoka shuleni, taa ya baba iko ndani ya wingu. Inawaka, lakini haimfikii mtu.

Na sasa mtazameni Bwana wetu. Yeye alikuwa juu kuliko wote. Mtume Paulo katika barua yake kwa Wafilipi, sura ya pili, anatueleza jinsi Kristo alivyojishusha kutoka utukufu wake, akawa mtumishi, akatii hata akafa msalabani. Alizaliwa mahali pa kulishia wanyama. Alikula na watu ambao wengine waliona haya kusalimiana nao. Alimgusa mwenye ukoma. Alichoka, akaketi kisimani, akamwomba mwanamke Msamaria maji ya kunywa. Mungu aliishusha taa yake mpaka chini ya mawingu yetu, mahali penye upepo na majabali, ili mtu aliye katika tufani aweze kuiona. Hiyo ndiyo Injili. Kama unaona kwamba Mungu yuko mbali nawe leo, usifikiri kwamba yakupasa upande mlima kwanza ili umfikie. Yeye ameteremka. Tazama chini, pale ulipo, katika shida yako, utamwona.

Nasi tulioiona taa hiyo, yatupasa kushuka pia. Kushuka ni kazi ngumu. Mnara wa chini ulikuwa mgumu kujengwa kuliko wa juu, maana mahali pale ni jabali tupu. Ni rahisi zaidi kumwombea mgonjwa ukiwa kanisani kuliko kwenda kukaa naye na kumsaidia kunywa uji. Ni rahisi kumhubiria mlevi kwa kipaza sauti kuliko kumshika mkono jioni na kumpeleka kwake bila kumtukana. Lakini meli huokolewa na taa ya chini.

Labda kuna mtu ananisikiliza ambaye anasema, "Mchungaji, maneno yako ni mazuri, lakini kwangu yamechelewa. Mimi niligeuka kushoto zamani. Meli yangu iko mchangani tayari, na kila apitaye huiona." Ndugu yangu, dada yangu, ninalo neno kwako pia. Meli ya Kakapo ilipotea, lakini mabaharia wake walishuka wakatembea ufukoni wakiwa hai. Na ile meli ya Paulo katika Matendo 27 nayo ilivunjika vipande vipande. Soma mwenyewe mwisho wa sura hiyo. Mlikuwa na watu 276 ndani yake. Wengine waliogelea, wengine walielea juu ya mbao na vipande vya ile meli iliyovunjika, na wote wakafika nchi kavu. Hakupotea hata mmoja. Mungu hakuiokoa meli, aliwaokoa watu. Pengine biashara ile haitarudi. Pengine cheo kile hakitarudi, na shamba limekwisha kuuzwa. Hayo ni meli. Wewe ungali hai, na kipande cha ubao kilichobaki mkononi mwako chatosha kukufikisha pwani, ukimtegemea yeye.

Basi, kabla hatujaachana, nawapeni kazi ya juma hili. Kwanza, kama kuna jambo unalotaka kuliamua kwa haraka kwa sababu umechoka, lingoje siku tatu, na umwulize mtu mmoja mwenye hekima. Pili, chagua neno moja ulilomwahidi mtu nyumbani mwako, dogo tu, ulitimize kabla ya Jumapili. Tatu, fikiria mtu mmoja ambaye taa yako haimfikii, mtoto, jirani, au ndugu mliyekosana. Mshukie. Nenda kwake bila mahubiri. Keti naye, unywe chai yake, umsikilize mpaka amalize.

Tuombe.

Ee Mungu Baba yetu, tunakushukuru kwa kuwa hukuiacha nuru yako juu mahali tusipoweza kuiona. Tunakushukuru kwa ajili ya Yesu aliyeshuka kwetu. Wahurumie wote walio baharini usiku huu, wavuvi wetu wa Lamu na Malindi, Vanga na Kisumu, na mabaharia wote walio mbali na nyumba zao. Wahurumie wanaotaka kugeuka kabla ya wakati, uwape subira. Wahurumie ambao meli zao zimekwisha kuvunjika, uwafikishe pwani. Tufanye tuwe waaminifu, leo na kesho namna ile ile, na utushushe chini tuwafikie wenzetu. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.